Mama, ajenti kaniandika singo na hana mtoto, eti nikishapata PR ya Canada (ukaazi wa kudumu) ndo niwavute. Ni sawa?

Swali: Shikamoo mama. Naandika kutoka Mwanza, nina miaka 31, mhasibu, digrii moja, kazini miaka minne sasa. IELTS nilipata 7.5 ya kusikiliza, zingine zote 6.5. Nina binti wa miaka sita anaishi na mama yake Shinyanga, hatukuwahi kuoana. Hapa Mwanza naishi na mwenzangu, mwalimu wa shule ya msingi, ana digrii, miaka 28, tuko pamoja mwaka na nusu ila ndoa bado. Ajenti kanifungulia profaili ya Express Entry, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea PR, kaandika singo, hana mtoto. Anasema mtoto anapunguza pointi na hela ya kuonyesha benki inakuwa kubwa, nikishapata PR ndo niwavute wote. Anasema tayari niko kwenye bwawa la waombaji nasubiri kuitwa. Nishamlipa milioni moja na nusu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, mara ya kwanza nikadhani ni yale yale ya kila wiki ya kuficha mtoto, mara ya pili nikaona kuna kitu kingine humo ndani kinanukia, ntakifikia. Ila jibu lenyewe nikupe kabisa usije ukachoka njiani: hapana, sio sawa, hata kama huyo ajenti amekuapia kwa msahafu na biblia kwa pamoja.

Tuanze na binti. Kwa Canada mtoto wako yeyote aliye chini ya miaka 22 na hana mume wala mke ni mtegemezi wako, basi. Awe wa ndoa au wa nje, anaishi na wewe au na mama yake au kwa bibi kijijini, unamlipia ada au humlipii, wote wanaandikwa. Watu wengi wanachanganya hapa, wanadhani fomu inauliza unasafiri na nani. Haiulizi hivo. Inauliza una nani, halafu mbele ya kila jina ndo unajibu huyu tunaenda wote au huyu anabaki. Kwa hiyo kumwacha Shinyanga unaruhusiwa kabisa, kumfuta ndo hairuhusiwi.

Sasa kuna kifungu kwenye kanuni zao za uhamiaji, 117(9)(d), sisi wa kazi hii tunakijua kama namba ya simu ya nyumbani. Kinasema hivi kwa lugha ya kawaida: mtu wa familia ambaye ulikuwa naye wakati unaomba PR na hakupitishwa kwenye ukaguzi wao, yaani vipimo vya afya na mengine, huwezi tena kumdhamini kama familia yako. Sio kwa mwaka mmoja au miwili. Moja kwa moja. Hata ukipata uraia, hata ukiwa na nyumba na biashara huko, yule mtoto kwa njia ya familia ameshatoka. Kwa hiyo ile "nikishapata ndo niwavute" ya ajenti wako ndo kitu pekee ambacho ukimficha mtoto hutakiweza.

Nilikuwa na mteja, mama wa Kichagga, alikuja kwangu ana miaka minne Canada tayari. Kaja na faili la plastiki la rangi ya bluu, ndani picha za kijana wake na sare za shule, ripoti za muhula, cheti cha kuzaliwa kipya hakijakunjwa hata mara moja. Anataka kumleta, kijana ana miaka kumi na mmoja. Nikamuuliza swali moja tu, kwenye fomu zako za PR ulimwandika? Akanyamaza, akaanza kuzipanga zile picha upya. Kumbe aliambiwa na mtu kama ulivyoambiwa wewe. Na siku anatua Toronto ofisa alimuuliza mdomo kwa mdomo, kuna mwenza au mtoto yeyote ambaye hujamtaja? Hilo swali wanaliuliza, sio utani. Akasema hapana. Ilimchukua sekunde mbili kusema hapana mwanangu, na mimi nilikaa na faili lake miaka.

Njia iliyokuwa imebaki kwake ni ombi la huruma, pale unamwandikia ofisa kwamba naomba mnisamehe kwa sababu za kibinadamu, na ofisa ana uhuru wa kukubali au kukataa. Ubaya wake ni kwamba ili kuomba huruma lazima ueleze kwa nini mtoto hakuandikwa, yaani unakiri kwa mkono wako kwamba ulidanganya. Na ukidanganya kwenye ombi, adhabu yake ni kufungiwa miaka mitano usiombe chochote, na kama PR ulishapewa wanaweza kukuvua. Kwa hiyo unaomba mtoto huku umeshika shingo yako mwenyewe. Na usije ukasema ajenti ndo alijaza, wao hawasikilizi hiyo, jina ni lako, tamko ni lako.

Haya, hesabu sasa, maana ajenti anaongea pointi kama vile anazichapa yeye.

Mtoto hapunguzi pointi hata moja. Kwenye CRS, ule mfumo wa pointi 1,200 unaokupanga na wenzako, hakuna mahali popote watoto wanahesabiwa. Uwe na kumi au usiwe na mmoja ni ile ile. Pale alipokuwa na ukweli kidogo ni kwenye hela ya benki, kwa viwango vya 2025 mtu mmoja alitakiwa aonyeshe dola za Canada 15,263, watu wawili 19,001, watatu 23,360. Wanahesabiwa hata wanaobaki nyumbani. Kwa hiyo kumficha binti kunakuokolea kuonyesha dola 3,738, kuonyesha tu, maana hela inabaki yako hakuna anayeichukua. Ndo bei ya binti yako hiyo kwa mujibu wa ajenti. (Hivi viwango wanavibadilisha kila mwaka katikati ya mwaka, kwa hiyo angalia kwenye tovuti ya serikali yao siku unayotaka kuingia, usitegemee nilichoandika mimi.)

Mwenzako. Umesema ndoa bado, na ajenti kachukulia hapo hapo kwamba wewe singo. Huku kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 inaangalia miaka miwili ya kukaa pamoja ndo idhanie kuna ndoa. Canada wao ni mwaka mmoja tu wa kuishi pamoja kama mke na mume, miezi 12 mfululizo. Nyie mna 18. Kwa hiyo wewe sio singo, una mwenza, na hakuna anayekuuliza pete wala mahari. Kile kifungu cha mtoto kinamkamata na yeye vile vile.

Nimepiga hesabu yako mbili. Ukiwa singo: umri 99, digrii 120, lugha 92, halafu mchanganyiko wa digrii na uzoefu na Kiingereza 38, jumla 349. Ukiwa na mwenza anayekuja nawe zako zinashuka mpaka 328, lakini na yeye analeta zake, digrii yake 8, na kama akifanya IELTS akapata 6 kila sehemu anaongeza 12, unafika 348. Pointi moja! Mmetofautiana pointi moja na ajenti anataka mjenge maisha juu ya uongo kwa ajili ya hiyo moja.

Sasa ile harufu niliyosema. Kabla hujafika kwenye CRS kuna geti, programu ya wafanyakazi wenye ujuzi ina hesabu yake tofauti ya alama 100 na lazima ufikishe 67. Wewe peke yako: digrii 21, lugha 20, uzoefu wa miaka minne 13, umri 12. Jumlisha mwenyewe. 66. Hupiti. Mfumo wenyewe unakukataa, haukuingizi kwenye bwawa. Na huna uzoefu wa kazi wa Canada kwamba uliingia kwa geti jingine, wala sio fundi wa zile programu za mafundi. Kwa hiyo aidha haupo kwenye bwawa na ajenti anakudanganya, au upo na kuna kitu kingine amekipika ukiacha mtoto na mwenza, labda kakuandikia miaka sita ya kazi, labda kakupandishia IELTS, labda kakuzulia ndugu yuko Canada, maana ndugu wa damu huko ana alama 5. Sijui ni kipi na wewe hujui, na hilo ndo tatizo.

Na cha kuchekesha, kama ni cha kuchekesha, kwenye hilo geti mwenza mwenye Kiingereza cha kiwango cha 4 tu kwenye kipimo cha lugha cha Canada (CLB, sio 4 ya IELTS), ambacho mwalimu mwenye digrii anakipata akiwa na malaria, anakupa alama 5. 66 na 5 ni 71. Yule yule aliyefichwa ndo alikuwa anakuvusha.

Cha kufanya wiki hii: dai akaunti. Sio picha ya skrini, akaunti yenyewe, jina la kuingilia, paswedi, majibu ya yale maswali ya siri na imeili iliyotumika. Ukiingia soma kila mstari taratibu, linganisha na vyeti vyako. Kabla hujaitwa profaili unaweza kuirekebisha au kuifuta uanze nyingine safi, hakuna adhabu ya kujisahihisha mapema, na mtu anaruhusiwa kuwa na moja tu kwa hiyo futa ya zamani kwanza. Akikataa kukupa, andika moja kwa moja kwa idara ya uhamiaji ya Canada kupitia fomu yao ya mtandaoni, weka na kopi ya pasipoti, sema kuna profaili kwa jina langu siidhibiti na ina taarifa zisizo sahihi, naomba iondolewe. Tunza kopi ya hayo mawasiliano. Na ikitokea ukaitwa kabla hujasahihisha, kataa huo mwito, unaruhusiwa kukataa na unarudi foleni, ni afadhali mara mia kuliko kuupokea.

Kuhusu ajenti mwenyewe, anayeruhusiwa kukulipisha kwa kazi ya uhamiaji wa Canada ni mwanasheria wa kule mwenye leseni, notari wa mkoa wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na chombo chao cha kusimamia washauri kinachoitwa CICC, na majina yote yako wazi mtandaoni unatafuta kwa dakika mbili. Mtu anayejaza fomu zako, anachukua hela, halafu jina lake halionekani popote kwenye ombi, sisi tunamwita mzimu. Muulize namba yake ya usajili. Akianza hadithi za "nina mtu wangu ubalozini" umeshapata jibu. Hiyo milioni na nusu dai na risiti kama unazo, ukiipata shukuru Mungu, usipoipata usiiongezee nyingine.

Haya, tuseme umesafisha kila kitu, una nafasi gani? Nitakwambia bila sukari. Kwa 348 hakuna anayekuita. Kitu cha kwanza ni IELTS irudie, na unajua unakosa nini? Nusu nusu tu. Ukitoka 7.5 kwenda 8 ya kusikiliza na 6.5 kwenda 7 zile tatu, unafika kiwango wanachoita CLB 9, na hapo sio lugha peke yake inapanda, ile michanganyiko ya digrii na uzoefu inajizidisha mara mbili au karibu, unaruka kutoka 348 mpaka 413. Pointi 65 kwa nusu nusu nne! Wengi wanaangushwa na kuandika, mtu anaongea vizuri kabisa lakini insha yake anaianza kwa salamu ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Chukua miezi mitatu, andika insha moja kila siku kwa dakika 40, mpe mtu mkali aisahihishe.

Halafu jaribuni kugeuza, mwombaji mkuu awe mwenzako. Ana miaka 28, umri peke yake unamzidi wewe pointi 10, na tangu 2025 kuna raundi maalum za kuita watu wa kada ya elimu na walimu wa msingi wamo. Ya kwanza, Mei 2025, ilikata kwenye pointi 479, kwa hiyo sio mteremko, lakini wewe mhasibu huna raundi yako maalum kabisa, na raundi za watu wenye uzoefu wa Canada mwaka huo wote zilikuwa juu ya 500. Kuna na uteuzi wa mkoa, mikoa ya kule ina programu zake na ukiteuliwa unaongezewa 600 kwa mpigo, ila kila mkoa una vigezo vyake na vinafunguka na kufunga, lazima uvizie. Quebec yenyewe iko nje ya Express Entry, ina utaratibu wake. Na ofa ya kazi usiinunue, jamani, tangu tarehe 25 Machi 2025 ofa ya kazi haina tena pointi kwenye CRS, bado kuna watu Kariakoo na Nairobi wanauziwa barua za ofa eti zina pointi 50.

Kifaransa ndo mlango ambao watu wetu wanaupita bila kuuona. Ukifika kiwango cha 7 kwenye kipimo chao cha lugha kwa sehemu zote nne, juu ya Kiingereza chako unaongezewa pointi zipatazo 60, halafu unaingia kwenye raundi za Kifaransa ambazo Machi 2025 zilishuka mpaka 379. Ndugu zetu wa Bukavu, Goma, Bujumbura wanacho tangu shule na hawajui kwamba wamekalia dhahabu, wanahangaika na IELTS tu. Kwako wewe kuanzia bonjour mpaka kiwango hicho ni mwaka na nusu au miwili ya kusoma kweli kweli. Mwenzako mwalimu labda atakuwa na subira zaidi, siwajui.

Nyaraka nipite haraka maana zinahitaji jibu lake. Majina, angalia majina! Cheti cha form four kina majina mawili, pasipoti matatu, chuo kimeandika la babu kwa herufi tofauti, hilo litakuganda, nenda kwa wakili ukatengeneze deed poll, ile hati ya kuoanisha majina, mapema. Tathmini ya digrii, ile ya kuonyesha digrii yako inalingana na ipi ya Canada, transkripti inatakiwa itoke chuoni yenyewe kwenda kwa wanaotathmini, na ofisi ya mitihani ya chuo unaijua, usisubiri. Barua ya mwajiri iseme umefanya nini hasa, masaa mangapi kwa wiki, mshahara, tarehe, sio "ni mfanyakazi mwadilifu na mchapakazi". Na benki wanataka kuona wastani wa miezi sita, kwa hiyo hela za kikoba na za kuuza kiwanja ziingie mapema na ziwe na karatasi ya maelezo, hela ya kuazima wiki moja kwa shemeji wanaiona, na mkopo hauruhusiwi. Ukiitwa unapewa siku 60 tu kukamilisha kila kitu. Ada ya serikali toka Aprili 2024 ilikuwa dola 1,525 kwa mtu mzima na 260 kwa mtoto, bila alama za vidole na hospitali, na huwa inapanda kila baada ya miaka miwili.

Nirudi kwa binti maana ndo swali lako. Hata akibaki Shinyanga lazima apimwe na daktari aliye kwenye orodha ya Canada, sio hospitali yoyote, kwa hiyo jiandae na nauli ya Dar ya mtoto na mtu wa kumsindikiza. Hiyo safari ndo itakayomwachia mlango wazi kesho akitaka kuja, utamdhamini kama mtoto wako mradi siku hiyo bado yuko chini ya 22. Ukiamua aje nawe sasa hivi, mama yake lazima asaini kukubali, kuna fomu yake. Na akigoma hata kumpeleka kupima, usimfute, unaeleza kwa maandishi na kuambatanisha ushahidi kwamba ulijaribu, meseji, barua ya ustawi wa jamii, chochote.

Kwa hiyo kabla ya ajenti, kabla ya IELTS, mpigie mama yake. Usianze na habari za Canada, anza na ada na hali ya mtoto, halafu muulize cheti cha kuzaliwa kiko wapi na jina la baba limeandikwaje. Kama jina lako halimo au limekosewa, hiyo ni safari ya RITA, ofisi ya usajili wa vizazi, na hiyo ndo itakuchelewesha kuliko yote haya. Ukishakiona niandikie tena.